Kungoja Kusomwa

Kaka yangu huniita dada tukiwa wawili kwenye gari. Tukiingia ukumbini huniita msaidizi. Sikuwahi kumgombeza kwa hilo, kwa sababu baba yetu ni mmoja lakini mama zetu ni wawili, na wangu hakuolewa.

Baba alikuwa dereva wa serikali. Kwake ni Nyamiaga, wilaya ya Ngara, alikokuwa na mke wa ndoa ya kanisani, migomba na kahawa. Kazi ilipomleta Biharamulo alimkuta mama akiuza mchele sokoni, binti wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Nikazaliwa mimi. Baba hakunikimbia. Alinisomesha, akanifundisha kuendesha gari, na kila mwaka alinipeleka Nyamiaga, ambako mama mkubwa, huyo mke wa ndoa, alinipakulia vizuri na kuniwekea kiti karibu na mlango. Kiti chenyewe kilikuwa kizuri tu, ila kilikuwa karibu na mlango.

Kwetu mtoto kama mimi ana siku moja tu ya kujua yeye ni nani, nayo ni siku ya mazishi. Kabla jeneza halijashushwa husomwa wasifu wa marehemu, na ndani yake watoto husomwa mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza. Ukisomwa unanyoosha mkono, waombolezaji wanageuka kukutazama, na tangu hapo hakuna wa kukuuliza umetokea wapi. Usiposomwa, hata uwe na pua ya marehemu, wewe ni jirani uliyekuja kuzika. Wala huwezi kujiombea. Ni lazima mkubwa akusemee.

Baba alilijua hilo. Mwaka alipoanza kuugua alimwita mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika wasifu za ukoo mzima, akamwambia mbele yangu, "Siku yangu ikifika, huyu asomwe pamoja na wenzake." Baba mdogo akajibu, "Nimesikia, kaka." Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, kwa furaha. Sijawahi kutaka kitu kingine kutoka katika ile nyumba, si shamba wala bati.

Kaka ni mshauri wa biashara. Zamani alikuwa anafundisha vikundi vya akina mama kutunza hesabu na kutafuta masoko, na alikuwa anaijua kazi yake. Halafu kila mteja akaanza kuuliza habari za akili mnemba, naye hakuwa na la kuwaambia. Akanunua mafunzo yaliyopikwa tayari kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam: slaidi, mazoezi, vyeti vyenye nafasi ya kujaza jina, hadi maelekezo ya wapi mkufunzi atoe utani. Kazi yake ilikuwa kubadilisha nembo tu. Utani wenyewe ulihusu foleni za mjini, na wateja wetu wa Ngara waliucheka kwa adabu. Mimi nilibeba projekta, nikapanga viti, nikagawa soda, na pale ambapo wazee walipotea niliwaeleza kwa Kihangaza changu cha kuokoteza.

Kulikuwa na zoezi lililosema, iambie akili mnemba ikuandikie wasifu wa kampuni yako. Tulikuwa ukumbi wa parokia. Mama mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hicho kitu kinaweza kuandika wasifu wa marehemu? Maana sisi hapa kampuni hatuna. Misiba tunayo."

Watu walicheka. Kaka naye akacheka, akajaribu palepale kwa mzee wa kubuni, na kabla soda hazijaisha ukuta ulikuwa umejaa maneno. "Yesu!" akasema yule mama. Tangu siku hiyo, hilo ndilo somo lililotuuza. Wateja waliitana, Biharamulo wakalitaka, na ndani ya gari tukaliita somo la misiba.

Ilichukua muda kabla sijaona kilichokuwa kinatokea. Nilikwenda mazishi matatu manne na marehemu wote walikuwa nguzo ya familia, wote waligusa maisha ya wengi, wote waliondoka wakiacha pengo lisilozibika. Mzee mmoja mgomvi, aliyekufa akiwa hasalimiani na majirani wa pande zote, tulimzika kama mpatanishi. Nilijifunika kanga usoni, watu wakadhani nalia.

Baba alifariki asubuhi. Mimi na kaka tulitoka Biharamulo pamoja, mimi nikiendesha, yeye kando yangu. Alikuwa analia na kupiga simu, analia na kupiga simu. Baadaye akatulia, akainama kwenye simu akaandika kitu, na kabla hatujafika Benaco akasema, "Sikiliza, dada."

Akanisomea wasifu wa baba. Ulikuwa na udereva wake, ibada zake, upole wake. Niliendesha huku nasubiri watoto. Niliposikia "ameacha mjane, watoto, wajukuu na wote waliobahatika kumfahamu," nikashika usukani vizuri zaidi, nikidhani sasa ndiyo anaanza. Kaka akashusha simu.

"Imekaaje?"

"Kaka, na watoto?"

"Si nimesema? Ameacha watoto na wajukuu."

"Majina yao."

"Majina yanachosha watu, dada. Hata kwenye mafunzo tunasema, iwe fupi na iguse moyo."

Alisema hivyo akiwa na machozi mashavuni. Hakuwa na hila hata kidogo, na ningependa sana angekuwa nayo, ningejua pa kuanzia kumchukia. Nilibadilisha gia, nikatazama barabara. Nilijiambia, baba mdogo yupo.

Ngara mjini kaka alishuka kuchapisha wasifu, akarudi na bahasha. Nyamiaga nilimkuta baba mdogo amekaa uani na wazee, amevaa koti lake la misiba. Siku zote kazi yake ilianzia hapo. Alikuwa akiwauliza watu mmoja baada ya mwingine, wakibishana nani alitangulia kuzaliwa, aliyefariki mdogo atajwe au asitajwe, wa nje awekwe wapi. Kelele hizo zilikuwa zinawachukua nusu siku, na mwisho wake ukoo mzima ulikuwa umekubaliana. Safari hii hakuna aliyekuwa anabishana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana." Akanishika mkono bila kuuachia. "Nakumbuka alichosema."

Akainuka kwenda kumtafuta kaka. Niliwaona wakizungumza kando ya gari, kaka akimwonyesha bahasha, baba mdogo akitikisa kichwa, kisha akiacha kukitikisa. Aliporudi alikuwa anatembea kama mtu aliyetumwa mahali akakuta pamefungwa.

"Nakala zimeshachapwa, mwanangu. Zina hadi picha." Akakaa. "Nimemwambia kuhusu wewe. Anasema hakumtaja mtu yeyote, kwa hiyo hakuna aliyeachwa."

Mpaka leo natafuta jibu la maneno hayo. Msiba ulikuwa umeshikwa na kaka kuanzia jeneza hadi turubai. Mzee aliyekuwa akisikilizwa na ukoo mzima akabaki kuambiwa akae wapi.

Kaka alisoma vizuri. Sauti ilimkatika mahali pake, watu wakafuta macho, na nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba huu ndio wasifu. Kisha msemaji akaita watoto wa marehemu wapite mbele kuweka shada. Hakuita majina, aliita watoto tu. Wakapita mmoja mmoja. Ningeweza kwenda, hakuna ambaye angenivuta nguo, lakini aliyesomwa anakwenda kwa miguu yake na asiyesomwa anajipeleka. Jirani mmoja alinishika kiwiko akidhani nimechoka na jua. Nilibaki naye.

Niliumia, na bado naumia. Nimewaza mara nyingi kwamba ingekuwa nafuu baba mdogo angewasoma wenzangu wote kisha mimi akaniruka. Angalau watu wangeguna. Mguno ule ungekuwa ushahidi kwamba kuna mtu alitakiwa kuwa pale. Sasa sina hata mtu wa kumlalamikia, kwa sababu kila niliyemgusia aliniambia, mbona ulikuwa wasifu mzuri sana.

Baada ya kuanua matanga tulirudi kazini. Mnaweza kuniuliza kwa nini. Nina watoto wawili, na Biharamulo kazi ya kukaa kwenye gari zuri haiokotwi.

Mafunzo yaliyofuata yalikuwa Rusumo, kwa mawakala wa forodha, watu wanaoshinda na makaratasi ya malori tangu asubuhi. Plagi ya ukumbi ule ilikuwa imelegea, kwa hiyo nilisimama ukutani nikiushikilia waya ili projekta isizime. Tulipofika somo la misiba, kaka akaweka wasifu wa baba ukutani kama mfano. Hakuwa ameniambia kabla. Watu wakampa pole, wakasoma, wakausifu. Wakala mmoja mwenye mvi akasimama.

"Pole tena, mwalimu. Lakini huyu mzee hakuwa na watoto?"

"Alikuwa nao, mzee."

"Mbona hawajasomwa? Kwetu watu wangeuliza."

Kaka akatabasamu. "Ndiyo uzuri wa chombo hiki. Unakirekebisha." Akaanza kuandika, na majina yakajitokeza ukutani kwa herufi kubwa, kuanzia la kwake, likifuatiwa na la anayemfuata, hivyo hivyo mpaka kitinda mimba. Hapo vidole vyake vikasimama. Akainua macho akanitazama, na mimi nikamtazama, mkono wangu ukiwa kwenye waya. Naamini aliwaza kweli. Naamini alikumbuka alichoambiwa na baba mdogo kando ya gari. Halafu akabonyeza bila kuongeza jina.

Wasifu ukaja upya, sasa na watoto ndani yake. Kaka akawaomba washiriki wasome kwa pamoja, na watu wazima wale, mawakala wa mpakani, wakasoma kwa sauti moja kama tulivyozoeshwa sote shule ya msingi, jina baada ya jina. Walipofika kwa kitinda mimba wakanyamaza. Nami nikanyamaza, maana hadi hapo nilikuwa nasoma nao.