Blanketi la Vipande Lililokwenda Kasenga

Nilipenda kushona mablanketi ya vipande, na watoto sita niliwalea vilevile. Wanaosema mwanamke hawezi kushika mambo mawili, waje waniulize miye.

Nilijifunzia kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa shaba, upande wa tanuri, na kampuni ilikuwa na nyumba ya akina mama tuliyoiita fuwaye. Wake za wafanyakazi tulifundishwa pale kupiga pasi, kufuma sweta, kuogesha mtoto kwa namna ya Wazungu, kana kwamba mama zetu walituacha na uchafu. Siku moja mwalimu wetu alileta kijiblanketi cha mtoto mchanga: juu vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati blanketi kuukuu, chini kitambaa cheupe, na sindano imepita tabaka zote tatu. Wenzangu walikitazama, wakasema kizuri, wakarudi kwenye sweta zao. Miye nilikishika mkononi na sikutaka kukirudisha.

Tangu hapo nilikuwa mgonjwa wa vipande. Nilikwenda mtaa wa mji wetu unaoitwa Kenya, kwa mafundi wa cherehani, wazee wa Kiislamu wa asili ya Maniema, jioni wanapofagia. Vitenge vya kila rangi vilikuwa chini ya miguu yao, na wao walitaka kuvichoma! Nikiingia tu wanacheka: "Mama ya bipande amefika, ficheni hata masuruali." Walinijazia mfuko wa unga, na mfuko wenyewe niliufua mpaka maandishi yakafutika, nikaufanya tabaka la chini. Kitu kimoja tu sikukigusa kwa mkasi: kitenge cha chama chenye uso wa Rais. Kupenda kushona si wazimu.

Wakati niliupata wapi? Niliuiba. Maharagwe yakiwa jikoni, nashona. Kwenye foleni ya posho, nashona. Jumamosi tulipoitwa salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mitaa, nilichomeka sindano kwenye kitambaa cha kichwa, na tukiambiwa kupumzika natoa kipande kifuani. Kwenye mikutano ya chama nilipiga makofi kama wote, halafu nikarudi kwenye mshono wangu. Nyumbani kila mtoto alikuwa na zamu yake, na aliyetaka andazi alinitungia uzi kwanza. Binti yangu mkubwa alijua kusonga bukari, ugali wetu, kabla hajafika kidato cha kwanza, na bukari yake haikuwa na madonge. Hakuna aliyelala njaa kwangu. Maharagwe yaliungua, ndiyo, lakini hata wasioshona wanaunguza maharagwe.

Mume wangu alinung'unika, hasa siku alipotoka kazini, akajitupa kwenye kiti na kuruka juu.

"Mayo! Mama ya batoto, utaniua na hizi sindano!"

"Haufi. Simama kwanza nione kama haikuvunjika."

Alisimama. Haikuvunjika. Baadaye, akiwa amekwisha kula na hasira imeshuka, aliniuliza kwa sauti ya mtoto aliyenyimwa: "Kweli, unapenda bile bilamba, bile bipande ya nguo, kupita miye?"

"Napenda weye, napenda na bilamba. Moyo iko na kiti moja tu?"

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini kiti chake, tangu siku ile, alikipapasa kwanza kabla ya kukaa.

Basi, binti yangu mkubwa akachumbiwa. Kijana alikuwa wa Kasenga, kule kwenye mto Luapula, mfanyabiashara wa samaki, mwenye adabu, sikuwa na la kumsema. La kusema lilikuwa umbali. Barabara ya Kasenga wakati wa mvua inameza malori. Na hata ingekuwa ya lami mpaka mlangoni, miye ningefika kufanya nini? Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume wana haya kati yao, tunaiita buko. Hamtazamani usoni. Akija njia hii, weye unashika ile. Kulala chini ya paa lake ni jambo lisilosemwa hata kwa mzaha. Maana yake nilikuwa namtoa binti yangu aende mahali ambapo sitalala naye tena hata usiku mmoja, akiugua, akilia, akiogopa mvua ya radi kama alivyoiogopa tangu mdogo. Jambo hilo liliniuma, nasema wazi, liliniuma kuliko uchungu wa kumzaa.

Nikaamua: mwili wangu hautakwenda, lakini kazi ya mikono yangu itakwenda. Nilimshonea blanketi la kitanda kizima, kubwa kuliko yote niliyowahi kushona. Nilitia shati za kaka zake, kaputi ya baba yake ya kazini, kitenge nilichombebea mgongoni. Kando, upande wa kichwa, nilitia kikwembe changu cha bluu cha kujifunga kiunoni, nilichokipenda, kile nilichokivaa mpaka kikalainika. Nilishona miezi na miezi, na lilipokwisha nililitandika, nikazunguka kitanda nikilisifu peke yangu. Hakuna aliyekuwepo wa kulisifu, ningefanyaje?

Siku chache kabla ya arusi alifika wifi yangu, dada ya mume wangu, maana shangazi ndiye anayemfunda bibi arusi. Mwanamke mkali, macho yake yanaona vumbi chini ya kabati. Nilimkunjulia blanketi nikingoja sifa. Alilipapasa polepole, akafika upande wa kichwa, akasimama.

"Mulamu, hii si kikwembe yako?"

"Ni yangu."

"Ulikuwa unavaa?"

"Nilivaa mpaka rangi ikachoka."

"Na hii blanketi ni ya kitanda ya nani?"

Hapo ndipo akili ilinirudia. Heee! Mkwe hagusi mkeka wa mama mkwe, haketi kitandani pake, na miye nilitaka alale amejifunika nguo iliyotoka kiunoni mwangu! Uso uliniwaka. Mume wangu, aliyekuwa mlangoni, alikumbuka ghafla kwamba kuku wanahitaji kuangaliwa.

"Nitafumua ile kikwembe," nilisema.

"Utafumua na mikono yako?" wifi aliuliza. "Yote ni kazi yako. Kitanda ya bana-arusi, mama mukwe haitandike. Acha, mulamu. Wape masufuria."

Masufuria! Nililia mbele yake bila haya. Nikamwambia kwamba nguo hiyo ilikuwa njia pekee ya kukaa karibu na mwanangu, na kwamba sufuria haimkumbatii mtu. Alinishika bega, akaniambia anaelewa, lakini mila hakuitunga yeye. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nililifikiria nikifua, nikalifikiria nikipepeta unga. Mpaka nikajiuliza: katika nyumba ile ya Kasenga, nani asiye na haya na miye? Nikacheka peke yangu kwenye beseni, watoto wakadhani jua limenipiga.

Siku ya kumsindikiza bibi arusi ua ulijaa. Akina mama wa upande wa kijana walikuwa wamekaa kwenye mikeka, mizigo inafungwa, na kijana mwenyewe kule mbali amenigeuzia mgongo kwa heshima. Nikasimama na blanketi kichwani. Wifi yangu alifumba macho.

"Bamama," nikasema, "hii blanketi si ya bwana-arusi. Na asiiguse! Ni ya bwana yangu mudogo, mwenye hajazaliwa. Mutamutunzia mpaka akuje."

Kwetu bibi na mjukuu hawana haya: mjukuu wa kiume ni bwana wa bibi yake, wanatukanana, wanalala kitanda kimoja. Mwanzo walitazamana. Halafu mama ya kijana alipiga vigelegele, akainuka, akalipokea kwa mikono miwili.

"Tutamutunzia bwana yako! Lakini sisi nasi tunamupenda, tutapigana!"

Ua wote ulicheka. Wifi yangu alinisogelea, akaninong'oneza: "Weye! Hata mudomo yako inajua kushona."

Nilijidai siku nzima. Ila lori lilipoondoka nilijua nilichoshinda na nilichokosa. Blanketi lilikwenda, ndiyo, lakini lilikwenda kulala sandukuni, likingoja mtoto. Binti yangu angesikia radi, na nguo yangu ingekuwa imefungiwa kwa kufuli. Nilirudi kwenye vipande vyangu, nikashona vibaya wiki hiyo yote.

Mvua zilipita, zikarudi. Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa binti, na hiyo ni mila nisiyogombana nayo hata kidogo. Binti yangu alishuka kutoka lori la samaki na tumbo mbele na sanduku nyuma. Sikumpa hata maji kabla ya kulifungua. Nilitafuta kwenye blanketi mikunjo migumu, ile ya nguo isiyotumika. Haikuwepo. Blanketi lilikuwa laini, rangi imeshuka, na mshono mmoja ulikuwa umefunguka ukashonwa tena kwa uzi wa nyavu za kuvulia.

"Weye mutoto!" nikasema. "Mulilala ndani ya hii na bwana yako?"

"Hapana, mama. Yeye hata kidole hakutia. Sanduku yenyewe anaizunguka." Alikaa kitandani kwangu, akavua viatu, miguu imevimba. "Lakini akienda kuuza samaki, miye nabaki peke yangu ndani ya nyumba. Hapo njo najifunika hii blanketi yako. Kama mvua inapiga sana, nageuza, nalala na uso kwa upande ya kikwembe yako."

Nililikunjua, nikamfunika miguu, nikakaa karibu naye mpaka akasinzia.

Bwana yangu mdogo alizaliwa wiki ile ile, mweusi, mwenye kelele. Alilikuta blanketi lake limekwisha kuchakazwa na mama yake, na sikumwomba msamaha.