Kipanya Kisicho na Vitufe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mchoraji Mkuu hakunipa kalamu. Alinipa wembe. Ofisi yetu ya upimaji ardhi ilikuwa Changamwe, madirisha yakitazama matangi ya mafuta, na sisi wachoraji ramani tuliinamia meza za mteremko kutwa nzima. Wembe ulikuwa wa kukwangulia wino uliokosewa kwenye karatasi ya kufuatishia, ile nyororo inayoonyesha kilicho chini yake. Ukikwangua kwa pupa karatasi hutoboka, na ramani nzima huanza upya. Mchoraji Mkuu, mzee wa Kisauni, alisimama nyuma yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Shusha pumzi kwanza, mwanangu. Mkono ukitulia, ndipo uanze."

Nilipopewa kalamu nilikuwa nimeelewa. Kila kalamu ilikuwa na unene wake, nyembamba kwa mipaka ya viwanja, nene kwa barabara. Mstari ukihama unywele mmoja kwenye karatasi, huko nje ni hatua nzima ya shamba la mtu, na watu wamegombana kwa chini ya hapo. Kwa hivyo mkono ndio uliokuwa heshima ya mchoraji. Baadaye nikahamishiwa tawi la Likoni, karibu na kwetu Timbwani. Meneja wa Tawi alizoea kuwaambia wageni kwamba Mwanajuma huchora kama aliyetandaza uzi. Mimi niliinama tu, lakini jioni nilirudi nyumbani nimejaa furaha.

Kompyuta zilipokuja, wenzangu wengi walilalamika. Mimi nilizoea. Kipanya cha siku zile kilikuwa na mkia wa waya, vitufe viwili na gurudumu katikati. Ukikibonyeza kilitoa mlio, nawe ukajua umetenda jambo.

Kisha kikajengwa kituo cha reli mpya Miritini, na mashamba ya huko yakaanza kukatwa viwanja. Nikapelekwa huko, chini ya Mpimaji Mkuu, mtu wa bara, mpole, mpenda vyombo vipya. Asubuhi moja aliniwekea mezani kipanya cha namna ambayo sikupata kuiona. Kilikuwa cheupe, chembamba, hakina waya, hakina kitufe, hakina gurudumu. Kilifanana na kipande cha sabuni kilichotumika kikabaki mgongo. Alinieleza kwamba mgongo wote unahisi kidole. Ukiupitishia kidole kidogo tu, ramani husogea.

Nilikiwekea kiganja, na wallahi sikukipenda. Kilikuwa baridi, kimya, na nilihisi kama nimeweka mkono juu ya mkono wa mtu aliyelala. Hata hivyo kilifanya kazi vizuri. Nilichora nacho mipaka asubuhi ile yote bila taabu.

Mambo yalianza baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimemaliza kuchora, nasoma namba za viwanja kwenye kioo, mkono umepumzika juu ya kile kipanya. Ramani ikaanza kuondoka. Haikuruka. Ilisogea pole pole kuelekea kusini, ikatulia, ikasogea tena, kama mtu anayevuta shuka kwa siri. Nikairudisha. Nilipoacha kufanya kazi ili nisome, ikaondoka tena.

Ikawa hivyo kila siku. Nikichora, ilitulia. Nikipumzika, ilikwenda. Nilimwita Mpimaji Mkuu akakaa kwenye kiti changu, akaweka mkono wake, na ramani haikutikisika. Aliniletea kipanya kingine cha aina ileile, kikafanya vilevile kwangu, kikatulia kwake.

"Bi Mwanajuma, hiki hakina akili," aliniambia. "Kinafuata kidole tu."

"Basi kidole changu sikukituma," nikamjibu.

Hakucheka, na hilo likaniogopesha zaidi. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi kabla ya kuwasha kompyuta. Nilifika mahali nikawa siwezi kukitazama kile kitu cheupe bila mwili kunisisimka, maana nilikuwa na yakini kwamba yupo mwingine anayekitumia pamoja nami.

Rukia, mchoraji mwenzangu ambaye tulitoka naye Likoni, ndiye aliyelimaliza jambo. Alivuta kiti akakaa kando yangu mchana mmoja, akanitaka nisome kama kawaida. Nikasoma. Ramani ikaanza safari yake. Wengine wote walikuwa wakitazama kioo siku zote, lakini Rukia alikuwa ameinamisha kichwa.

"Da Mwanajuma," alisema, "usitazame ramani. Tazama mkono wako."

Nikatazama. Kidole changu cha shahada kilikuwa kinapiga, kidogo mno, kama koo la mjusi aliyetulia ukutani. Sikukihisi. Nilikitazama kama kidole cha mtu mwingine kilichoshonewa kwangu. Nikanyanyua mkono nishike kalamu, kikatulia mara moja. Nikaulaza tena. Baada ya kitambo, kikaanza.

Rukia aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

Daktari wa mishipa ya fahamu alinitembeza chumbani, akanigusisha vidole, akanitazama nilivyokaa. Aliniambia ni maradhi ya mtetemo, ndiyo mwanzo wake. Hayaponi, ila dawa huyapunguza mwendo. Alishangaa kwamba nimekuja mapema hivyo, kwani wengi huja chai ikiwa tayari inamwagika kikombeni. Nikamwambia nimeletwa na kipanya. Akatabasamu, kisha akaona mimi sitabasamu.

Nilimweleza Mpimaji Mkuu kila kitu. Alinihamishia kwenye ukaguzi, kazi ya kusoma ramani za wenzangu na kutafuta makosa, akanirudishia kipanya cha vitufe. Nilifanya hivyo mpaka nilipostaafu. Waliponiaga walisifu macho yangu. Hakuna aliyetaja mkono, nami niliwashukuru kwa hilo.

Vijana mnaoingia kazi hii mnaniuliza kama ni kweli nilidhani kipanya kina jini. Nilidhani, na mpaka leo sioni haya. Jambo lilikuwa limeingia mwilini mwangu, likazoea humo, na chombo kikalijua kabla yangu.

Sasa nipo Timbwani, nadarizi kofia. Dawa inasaidia. Sindano ikiwa vidoleni mkono hautikisiki hata kidogo, na wanunuzi husifu mshono wangu. Kwa hivyo nadarizi sana, kuliko inavyohitajika. Dada zangu huniambia nipumzike. Alasiri huwasikiliza, naichomeka sindano kitambaani, naulaza mkono pajani, nageuza uso nizungumze nao. Wala sihitaji kuutazama. Najua umeshaanza.