Nev Mdogo na Mti wa Coral

Kama pande hizi za Lismore kuna mtu anayeijua mikaratusi kumshinda Nev Skerritt, basi Nev mwenyewe hajaambiwa. Ana miaka sabini na mbili, maisha yake yote alichonga nguzo za ua, na kila Jumapili huwafundisha wauguzi wa koala kutambua mikaratusi ambayo majani yake wanyama hao wa mitini hula. Kwanza gome, halafu matumba ya maua, halafu vikombe vya mbegu vilivyodondoka chini, mwisho unafikicha jani na kulinusa. "Msikisie!" huwakaripia. "Koala hali makisio yenu!"

Mti mmoja tu aliukisia yeye mwenyewe, nao ni wa jirani yake, Coral Pascoe. Miaka kumi na moja iliyopita aliuchungulia kwa darubini juu ya ua, akatangaza kuwa ni mkaratusi madoa, ambao koala hawana haja nao. Coral akasema ni mkaratusi mwekundu, chakula chao hasa. Wakabishana mbele ya darasa zima, na tangu hapo Nev hajatia mguu kwa Coral.

Sasa Mei hii koala dume akagongwa na gari mbele ya nyumba ya Coral, akajikokota hadi juu ya mti uleule, mguu umevimba. Anayemwona koala ndiye humpa jina, na Coral akaandika kwenye fomu ya waokoaji: Nev Mdogo. Sababu: mnene, mkaidi, hasikii la mtu. Waokoaji wakamshusha, wakamleta kwa Glenys, mke wa Nev, anayeuguza koala kwenye kizimba barazani.

Nev Mdogo akagoma kula. Siku ya kwanza Nev alimletea matawi kutoka ng'ambo ya mto. Koala akanusa jani, akanusa la pili, akageuza makalio. Siku ya pili Nev akaendesha gari kilomita sitini, akaleta aina tatu. Makalio tena! Daktari wa wanyama akaja, akamtomasatomasa tumbo, akatikisa kichwa. Asipokula kufikia kesho asubuhi, alisema, itabidi adungwe sindano ya mwisho asiteseke. Glenys akalia waziwazi.

"Nev, huyu alikutwa kwenye mti gani?"

"Alijificha tu pale. Hakuwa anakula."

"Ulimuuliza?"

"Mke wangu, ule ni mkaratusi madoa."

"Na mimi nimekuvumilia miaka arobaini na sita, lakini huyu mnyama hana hata siku moja. Chukua ngazi uende!"

Akaenda, uso umemshuka. Coral alikuwa anaanika nguo. Akaitazama ngazi, akamtazama mwenye ngazi.

"Umekuja kunikatia mti?"

"Nahitaji tawi."

"La mkaratusi madoa? Litamshibisha kweli?"

"Coral, anakufa."

Coral akaacha kutania palepale, akaja kuishika ngazi kwa mikono miwili.

Kule juu matumba yakamjia Nev puani, yana kofia ndefu zilizochongoka kama pembe. Mkaratusi madoa hauna kofia hizo, hata mwanafunzi wa Jumapili ya kwanza anajua. Nev akashika tawi, akaanza kukata.

"Vipi huko?"

"Nakata."

"Unakata nini?" Ngazi ikatikisika kidogo.

"We mama, utaniua!"

"Nimekuuliza mti gani, Nev."

"Mwekundu!" alipiga kelele, mtaa mzima ukasikia. "Mkaratusi mwekundu! Nilikosea, miaka kumi na moja nimekosea, haya, umefurahi?"

"Mno," alisema Coral. "Shuka taratibu usije ukavunjika."

Wakaenda wote wawili barazani. Koala akanusa jani. Akanusa tena. Nev akageuka ukutani, maana hakuweza kutazama. Kisha akasikia kutafuna, kwaru, kwaru, kwaru, na Glenys akamshika mkono. Mzee wa watu akakaa sakafuni, akalia bila kujificha. Aliona aibu pia, kwa zile siku mbili alizomshindisha mnyama na njaa huku chakula kiko hatua ishirini.

Daktari akasema kwa simu kuwa mguu utahitaji wiki sita kupona, na kila siku tawi bichi la mti huohuo.

"Kesho saa moja asubuhi nitakuwa macho," Coral alisema. "Ukija, piga hodi kama watu."

"Nitakuja saa kumi na mbili alfajiri," alijibu Nev.