Kisima Kilichobaki Mkononi

Habari ya kifo chake ilinikuta stendi ya Masasi, nikiwa na tiketi ya kwenda kwingine kabisa. Aliyenipigia simu hakuzunguka. "Bwana Shamba ametutoka asubuhi hii. Maziko kesho, Mkunya." Nilirudisha tiketi, nikatafuta gari la Newala, na njia nzima ya kupanda uwandani, kule juu Newala, nilikuwa na hasira kuliko huzuni. Wasomaji wangu mnanijua, sina desturi ya kumgombeza maiti, lakini huyu nilitamani kumgombeza. Alizaliwa Chiwata, akapangiwa Newala kuwa ofisa kilimo angali kijana, akaoa Mkunya, akajenga Mkunya na kupanda mikorosho yake huko huko. Wakulima wa upande ule walikuwa wameshasahau kwamba ana jina. Alikuwa Bwana Shamba, hata kanisani, hata kwa mkewe pale mkewe alipokuwa amemnunia.

Tulijuana kwa karata. Si zile za kopa na shupaza mnazozijua. Mwenye duka moja la vifaa vya shule mjini Masasi aliagiza mzigo, na ndani yake zikaja pakiti ndogo ndogo za karata zenye picha za mashujaa, wanyama wakali na majumba yanayowaka moto. Mchezo wake ni wa kukusanya: unanunua pakiti bila kujua ndani kuna nini, unabadilishana na wenzako zile usizozitaka, kisha unajipangia fungu lako la kuchezea. Watoto hawakuzijali. Sisi watu wazima ndio tuliozivamia, tukawa tunakutana Jumamosi mchana kwenye mgahawa ulio mkabala na duka hilo, tukipigana kwa simba wa karatasi huku chai ikipoa. Mke wangu alisema tumerudi darasa la pili. Sikubishana naye, maana kuna siku nilikosa usingizi kwa sababu ya joka moja nililolibadilisha kipumbavu.

Katika mchezo huo karata nyingi hupigana, lakini zipo chache ambazo hazipigani hata kidogo. Kazi yake ni kusaidia. Mojawapo tuliita Kisima, kwa sababu ya picha yake. Ukikiweka Kisima mezani, hakimpigi mtu, hakikingi mtu, na zamu yako yote inaishia hapo, mwenzako akiendelea kuleta mashujaa wake. Faida yake ni kwamba kuanzia hapo, kila zamu yako unaokota karata moja zaidi. Basi swali likawa: kina thamani gani? Sisi wa mjini tulikidharau. Tulikitoa bure kama mtu anayekutupia ndizi iliyoiva mno. Wenzetu wa uwandani walikipenda kuliko joka, wakakusanya Visima vyote tulivyovitupa, na bado wakawa wanashindwa kila Jumamosi. Hatukuelewa.

Aliyeelewa ni Bwana Shamba. Siku moja mkunga mmoja mstaafu kutoka Newala, mama wa watu, mwenye kikapu na ulimi mkali, alikuwa amefungwa vibaya na mimi, na mchezo ulipokwisha aliziacha karata zake wazi mezani. Mkononi alikuwa amebakiwa na Kisima. Bwana Shamba akakichukua, akakigeuza huku na huku.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Ulishaniamkia tangu asubuhi, unataka nini?"

"Hiki ulikipata lini?"

"Kilikuwa cha kwanza kukiokota."

"Na hukukiweka?"

"Nikiweke, huyu bwana akichome?" Akanionyesha kwa kidevu. Ni kweli, ilikuwapo karata iitwayo Ukame inayoharibu Kisima, nami nilikuwa nayo. "Mwanangu, mimi nimekua kwa maji ya kushuka bondeni alfajiri na kupanda nayo kichwani. Wewe mtu wa Chiwata hujui. Maji hayachezewi. Nilikuwa nakitunza mpaka mambo yazidi."

Tulicheka, lakini Bwana Shamba hakucheka. Alimweleza taratibu, kwa sauti ile aliyozoea kuwaelezea wakulima, kwamba karata ya msaada haipimwi kwa nguvu zake, hupimwa kwa muda uliobaki wa kuitumia. Ikiwekwa mwanzoni, itakuletea karata mchezo mzima. Hata ikichomwa baada ya zamu mbili imeshakulipa. Ikiwekwa mwishoni, umepoteza zamu kwa karata moja ambayo huenda isikufae kitu. "Ni kama salfa, dawa ya mikorosho," akasema. "Kila mwaka nawaambia watu wapulize kabla ubwiriunga, ule ukungu wa maua, haujashika. Wanasema ngoja kwanza tuuone. Wakishauona, maua yameshanyauka, wanapaka mti poda. Salfa ni ile ile, mama. Uliyechelewa ni wewe." Mkunga akamwambia aende akawahubirie mikorosho. Jumamosi iliyofuata alikiweka Kisima zamu ya kwanza, akanipiga mpaka wenzangu wa mjini wakaninyima chai.

Kuanzia hapo watu wa uwandani wakawa hawashikiki. Sisi wa mjini tukaanza kuvinunua kwa kubembeleza Visima tulivyokuwa tumevitoa bure, nao hawakusahau dharau yetu, waliturudishia kimoja kimoja na masimango juu. Bwana Shamba alifurahi kama mtu aliyevuna. Nami nilimpenda kwa furaha ile. Kuna watu wakikufundisha jambo wanakuacha mdogo, yeye alikuacha na hamu ya kucheza tena.

Sasa nifike kwenye hasira yangu. Msimu uliopita wa kupuliza dawa nilimtembelea Mkunya. Nilimkuta kwenye mikorosho yake, bomba la kupulizia limelazwa chini, yeye amekaa juu ya gogo, buti amezivua na miguu imevimba hadi vifundoni. Alikuwa akipumua kama mtu aliyekimbia, na hakuwa amekimbia. Nikamuuliza kulikoni. Akasema buti zimepungua ukubwa kwa jua. Nikamwambia twende hospitali leo hii, pikipiki ya kutufikisha barabarani ipo. Akasema ni uchovu wa msimu. Mkewe akaja na maji, akaniangalia kwa macho ya kuniomba niendelee, nami nikaendelea mpaka nikapandisha sauti katika shamba la watu. Jibu lake likawa lile lile, kwa upole uliokera: "Bado, ndugu yangu. Mambo yakizidi nitawaita."

Wengi tulilisikia jibu hilo. Mchungaji wake alilisikia, kaka zake wa Chiwata walilisikia, na mkunga yule, ambaye alikwenda mwenyewe hadi Mkunya akamshika mapigo ya mkono na kumtukana kitaalamu, alilisikia pia. Hakutaka kuwa mzigo. Alitupenda, alijua tungeacha kazi zetu tukaja, na ndiyo sababu hakutuita. Alitutunza mkononi, kama mkunga na Kisima chake. Alipotuita hatimaye, alikuwa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Daktari aliyempokea alimwambia mkewe kwa heshima kwamba moyo ule ulikuwa unalalamika siku nyingi, na kwamba ulikuwapo wakati ambapo dawa za kawaida tu zingeweza kumtuliza akaishi nao. Hakuna aliyemnyima kitu. Kila msaada ulikuwepo, ila muda wa kuutumia ulikuwa umekwisha. Hili ndilo lililonifanya nigombane naye ndani ya gari, peke yangu, abiria wakidhani naongea na simu.

Ninayoyaona ni makubwa kuliko mtu mmoja. Sisi tunasaidiana vizuri sana kuzika. Kufika Mkunya nilikuta maturubai yamefungwa, kuni zimerundikwa, masufuria yamekopwa misikitini na kanisani pamoja, vijana wamechimba, wanawake wametwanga. Watu wa Masasi walikuja gari zima. Nikatazama wingi ule nikafikiri: robo ya watu hawa wangetosha kumbeba mtu huyu, kitanda chake na ng'ombe wake mpaka mlangoni kwa daktari. Lakini msiba hujiita wenyewe, na ugonjwa husubiri uitwe. Tumelelewa kuona haya kuomba. Mtu anajisifu kwamba hajawahi kumsumbua jirani, nasi tunamsifu hivyo hivyo siku ya maziko, kana kwamba ni wema.

Siku ya kuanua tanga watani wake walifanya kazi yao ya kumwigiza marehemu. Mtani mmoja, mwanamke mnene mchekeshaji, alivaa buti za marehemu, akabeba bomba lake mgongoni na kupita kati ya waombolezaji akipumua kwa shida. Kila aliyemshika mkono kumsaidia alimsukuma pembeni. "Bado!" akasema kwa sauti ya Bwana Shamba, ile ile hasa. "Mambo yakizidi nitawaita!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha kicheko kikakatika, sijui nani alianza, na uwanja mzima ukawa unalia, na mtani mwenyewe akakaa chini na buti zile akalia kuliko wote. Mimi nilikuwa sijalia tangu stendi. Nililia hapo, mbele ya watu, bila haya.

Mzee wa ukoo alisimama kufunga shughuli. Alishukuru kwa jina la familia, akasema watu sasa wanaweza kutawanyika. Ndipo mjane alipotoka kwa wanawake wenzake na kuomba neno. Hiyo si kawaida. Mjane siku ile hunyamaza na kusemewa. Akasema, "Nawashukuru. Lakini mikorosho ya baba watoto imeanza kutoa maua. Bomba siliwezi, ni zito. Watoto wako mbali. Naomba watu wa kunipulizia, kuanzia wiki hii."

Mzee akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini lakini tuliisikia, "Mama, pole. Hayo familia itayazungumza baadaye."

"Baadaye?" akasema mjane. Hakupandisha sauti. "Baadaye ndiyo tuliyoizika juzi."

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akageuka, akatuuliza nani anaanza, na mtani aliyekuwa bado chini akanyoosha mkono kabla ya wanaume wote. Zamu zilipangwa pale pale, yangu ikaangukia Alhamisi. Nimeifanya, na mgongo unaniuma ninapoandika haya, na mikorosho ya marehemu inapendeza. Ningetoa mikorosho yote ya uwandani kule ili mwenyewe awe ameketi pale kwenye gogo akinicheka ninavyoshika bomba. Wewe unayesoma huku umemficha mwenzako maumivu ya kifua, au jambo lolote linalokulemea, kwa sababu hutaki kumsumbua: msumbue. Mwite leo, angali ana la kukufanyia.