Ua Linalofunguka Saa Moja

Msimamizi aliponiuliza mbele ya chumba kizima kama kwetu jua huchomoza saa saba za usiku, nilivua glavu nikazitupa mezani. Miezi mitatu nilikuwa nikimchekea kicheko cha uongo. Siku hiyo kilinikauka.

Kazi yetu, kwenye ghala moja lisilo na madirisha huku Landover, Marekani, ilikuwa kunakili kwenye kompyuta lebo za matawi makavu ya kichaka cha maua mekundu, yaliyochumwa kwenye misitu ya milima ya Andes, yakabandikwa kwenye karatasi. Lebo inasema mlima gani, urefu gani, ua likoje. Nilivipenda vile vijiti. Vimetolewa kwenye ukungu wao, vimebanwa, vimeletwa huku kukaa kabatini. Tulielewana. Ningeongea na nani mwingine? Mwanangu wa miaka minne nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Nikipata nafasi ya kupiga simu Tanga, mama keshalala.

Kosa nililifanya, sikatai. Lebo ilisema ua hufunguka asubuhi, 7 kwa hesabu ya huku. Kichwani nikasoma saa moja, mkono ukaandika 1. Kesho yake nililiona mwenyewe, nikalisahihisha, nikaenda kumwambia msimamizi. Basi, nikawa kichekesho. Tangu hapo kila lebo iliyokosewa ni yangu. Siku hiyo ya glavu alileta karatasi sita, majina ya milima yamekorogwa yote, akasema mkataba wangu umeishia hapo.

Jirani yangu wa meza, Mmarekani Mweusi aliyesoma Kiswahili kidogo chuoni, akaninong'oneza, "Dada, tafadhali usinyamaze."

"Nani kanyamaza? Nipe kalamu."

"Lakini kalamu yangu ni nyekundu."

"Hiyo hiyo."

Nilifungua rekodi zile sita nikatazama saa zilipoingizwa. Kisha nikaandika barua, na mchana ule ule nikaipeleka kwa mkono ofisi ya utumishi, Rockville:

"Nafukuzwa kwa makosa yasiyo yangu. Kosa la ua ni langu, nilishalisahihisha. Haya sita si yangu. Mimi hutoka saa 3 alasiri kumchukua mwanangu. Kadi yangu ya mlangoni itawaonyesha. Rekodi hizi ziliingizwa kwa jina langu baada ya saa 5 jioni. Tafuteni aliyekalia kiti changu. Nataka jina langu liondolewe humo, kazi yangu irudishwe, na nijibiwe kwa maandishi. Saa zote nimeziandika kwa hesabu yenu."