Network ya Kiuu

Dereva wa lori la chakula cha ng'ombe akifika Kiuu huzima injini, na kabla hata ya kunyoosha miguu hufunga simu kwenye kioo cha pembeni kwa kipande cha tyubu, ili ishike network. Mashine yake ya gemu hukaa juu ya dashibodi, imefunikwa taulo. Vidole vyake vinene, vinavyokaza nati bila spana, hugusa vitufe polepole, na ulimi humtoka kidogo kando ya mdomo. Kwa network hiyo hucheza mpira wa gemu na mkewe, Mama Kui, aliye nyumbani mtaani Landless, ambaye mkono wake wa kulia ulilegea alipopata stroke, na daktari akasema hivyo vidole visiachwe vilale.

Leo Jeconia, mpakiaji wake, alimaliza kushusha magunia akapanda ndani ya lori kungoja. Kwenye skrini, mshambuliaji wa Mama Kui alijikokota kuelekea golini, akaupoteza mpira, akaurudia. Beki wa dereva alisimama tu kama nguzo ya stima. Bao likaingia.

"Kwani umelala?" sauti ya mkewe ikauliza kutoka kwenye mashine.

"Si mimi, Mama Kui. Ni network ya huku. Inakwama vibaya."

Jeconia akatazama simu pale kwenye kioo. Mistari ya network ilikuwa imejaa yote.

"Jeconia, ni ukweli?" Sauti ilifika safi, kana kwamba mama ameketi katikati yao.

"Ukweli kabisa, mama," Jeconia akajibu. "Hata wewe hatukusikii."