Nilivyokwenda Muleba kwa Ajili ya Goti la Twaha

Niliondoka Bukoba kwenda Muleba kwa sababu nilitaka kumwambia mtu mmoja ukweli kabla mmoja wetu hajafa. Watu ishirini na mmoja niliosafiri nao walikuwa na sababu nyingine. Wao walikwenda kumshangilia Twaha, mshambuliaji wa timu yetu ya zamani, ambaye siku zile tulimwita Enkuba, yaani radi. Wazo lilizaliwa kwenye kundi la simu la sisi mashabiki wazee. Mtu mmoja aliandika kwamba tumezoea kumsifu mtu akiwa ndani ya jeneza, basi huyu tumsifu akiwa anasikia. Tukakubaliana iwe Jumamosi. Nami nikaandika kwamba nitakuwepo, halafu chakula kikanishinda siku mbili nzima.

Saa moja asubuhi nilikuwa nimesimama kando ya barabara hapa Kibeta na mwavuli wangu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na migomba ilikuwa bado inadondosha maji. Kosta tuliyoikodi ilifika ikiwa na kitambaa cha kijani na cheupe mbele, rangi za timu. Mzee Sefu, mwenyekiti wetu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Dakta! Panda, waitu, ndugu yetu. Bila wewe timu haijakamilika."

Mimi si daktari na sijawahi kuwa. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea udresa, nikafunga vidonda na kuchoma sindano katika zahanati mpaka nilipostaafu. Jioni nilikuwa nahudumia wachezaji, na huko ndiko nilikopewa jina la Dakta. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyolistahili, na hapo ndipo maovu yangu yalipoanzia.

Kutoka mjini hadi Kemondo watu walicheka tu. Mama Anatoli, ambaye zamani aliuza karanga uwanjani, alikaa kiti cha nyuma yangu na kuongea kwa sauti ya kuita wateja.

"Siku ya fainali niliruka, sinia likaruka, karanga zote zikamwagika. Nikasema zimwagike! Enkuba kafunga!"

"Karanga zipi?" akauliza Mzee Sefu. "Ulikuwa unatuuzia mchanga wenye chumvi."

"Na huo mchanga ulikuwa ukiula, Sefu, unalamba na karatasi!"

Kemondo tulisimama kununua samaki wa kupeleka kwa wenyeji, maana huwezi kupeleka ndizi Muleba, kwenye migomba tele, wakakuelewa. Ziwa lilikuwa limetulia, la kijivu. Wenzangu waliteremka kujinyoosha. Mimi nilibaki kwenye kiti nikipanga maneno. Kila nilipofika mahali pa kusema "nilijua", nilirudi mwanzo.

Baada ya Kemondo Mzee Sefu alisimama katikati ya viti akasimulia bao lenyewe, ingawa hapakuwa na mtu asiyelijua. Zimebaki dakika tano. Mpira unatoka kulia. Twaha anauacha udunde mara moja, anaupiga kwa mguu wa kushoto, unagonga mwamba kwa ndani na kuingia. Kombe la mkoa linakuwa letu. Lakini Twaha ameanguka na hainuki, na tangu siku hiyo hakucheza tena.

"Alikatwa na yule beki wa Ngara," alimalizia. "Muuaji yule!"

"Muuaji!" basi zima likaitikia, kama watu wanavyoitikia dua.

Nilikuwa nikitazama mashamba ya Muhutwe yakipita. Wasomaji wangu, beki wa Ngara hakumfanya kitu. Goti la Twaha liliumia mazoezini siku tatu kabla ya fainali. Nililishika kwa mikono yangu hii. Lilikuwa limejaa maji, na nilipolivuta lilicheza kando mahali ambapo goti halipaswi kucheza. Viongozi walikuwa wamesimama nyuma yangu. Mmoja akaniuliza, "Dakta, unasemaje?" Ningeweza kusema apelekwe hospitali. Nikasema ni msuli umestuka tu. Siku ya mchezo nikamchoma sindano ya kutuliza maumivu, nikalifunga goti kwa bandeji, nikampiga bega. Hakuna aliyenilazimisha. Nililitaka lile kombe kama walivyolitaka wao, na nilitaka kuwa yule mtu aliyemwezesha Enkuba kucheza. Wakati huo klabu moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeshamwita kwa majaribio mwezi uliofuata. Walipoanza kumlaumu beki, nikanyamaza. Nimenyamaza hadi nimekuwa mzee.

Saa nne na nusu tulifika Muleba. Nyumba ya Twaha iko ndani kidogo kutoka barabara kuu, katikati ya kibanja cha migomba na mibuni. Walikuwa wametundika turubai uani na kutandaza majani makavu chini. Twaha alitoka na fimbo. Mguu wa kushoto haukukunjika. Watu walimrukia, Mama Anatoli akilia na kucheka kwa pamoja.

"Mbona umenenepa hivi, Enkuba? Ungeupigaje mpira, usingeuona!"

"Ningeuambia uje wenyewe, Mama," akajibu Twaha, na watu wakavunjika mbavu.

Aliponifikia mimi alinikumbatia kwa muda mrefu. "Dakta wangu," alisema. Afadhali angenitemea mate.

Mkewe, Bi Zaituni, alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni anayependwa. Kabla Twaha hajaanza kuigawa nikamwambia nina neno la faragha. Akaondoka na kikapu mkononi, tukaenda nyuma ya nyumba, mahali buni zilipoanikwa kwenye mkeka.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Sikutaja viongozi. Nilipomaliza alikuwa akizitazama buni kama mtu anayetafuta mbovu.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Ningepumzika, lingepona?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa. Njiani nilikuwa nimejiandalia jibu la kujificha, kwamba zamani hizo vifaa havikuwepo, kwamba nani ajuaye. Nikaliacha.

"Naamini lingepona, Twaha. Ungekosa fainali. Mengine yote ungeyapata."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi nasali nimekaa kwenye kiti. Tangu nikiwa kijana. Wenzangu wanasujudu, mimi nawatazama migongo. Na kila ninapovuta kile kiti namkumbuka yule mtu wa Ngara. Kila swala, Dakta. Mara tano kwa siku nimemwekea kinyongo mtu ambaye hakunifanya kitu."

Nilisema samahani, na neno lenyewe lilikuwa dogo kama punje. Kikapu kilikuwa bado mkononi mwake. Hakukifungua.

"Twende," alisema. "Kawaambie na hao."

Saa sita mchana, baada ya hotuba mbili za sifa, Twaha akaomba nipewe nafasi. Nilisimama chini ya turubai. Nilisema goti lilikuwa limeharibika kabla ya mchezo, kwamba nililiona na nikaficha, kwamba mimi ndiye niliyemkatisha Twaha safari yake, na kwamba beki wa Ngara hana hatia. Nilisema taratibu ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia.

Nikangojea hasira yao. Niliitaka hasira hiyo, nilikuwa nimeisafiria. Kisha Mama Anatoli akasimama, mikono kichwani.

"Subiri. Dakta, unasema lile bao alilifunga na goti limeshakufa?"

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana..."

"Goti bovu!" alipiga kelele. "Jamani, alifunga kwa goti bovu!" Akapiga kigelegele, na uani pakalipuka. Walipiga makofi, wakapiga ngoma kwenye ndoo, wengine wakamnyanyua Twaha na kiti chake. Mzee Sefu alikuja kunishika mkono, machozi yakimtoka. "Kumbe wewe ndiye uliyetupa kombe, Dakta! Mbona ulituficha?"

"Sefu, sikiliza. Beki hakumgusa."

"Hata kama," akasema Mzee Sefu. "Alikuwa na nia."

Juu ya mabega ya watu Twaha alikuwa akitabasamu kama mgeni wa heshima anavyopaswa kutabasamu. Macho yake yalikuwa kwangu, na hayakutabasamu. Bi Zaituni peke yake hakupiga makofi. Alikusanya sahani akaingia ndani.

Tulikula matoke na wale samaki. Mimi nilimeza tu.

Saa tisa alasiri tuliagana. Twaha alisimama kwenye mlango wa kosta akimpa kila mtu mkono. Nilibaki wa mwisho kwa makusudi. Alinipa mkono, lakini hakuubana.

"Umewaongezea bao," alisema.

"Sikukusudia hivyo, ndugu yangu. Nisamehe."

"Yule mtu wa Ngara yuko hai?"

"Sijui."

"Mtafute. Yeye alitukanwa bila hata kufunga bao. Ukishamwona, na mimi nitajua la kukujibu."

Njia ya kurudi walitunga wimbo wa goti bovu kabla hatujafika Muhutwe. Mzee Sefu alisimulia tena bao, sasa likiwa na sindano na bandeji ndani yake, na mimi nikiwa shujaa wa pembeni. Niliwaza kwamba kosa likikaa muda mrefu ndani ya kitu wanachokipenda watu, huwezi tena kulitoa peke yake. Nilidhani nikisema ukweli mbele ya wengi nitakuwa nimeulipia. Kumbe niliwapelekea wale ambao hawakuumia, nao wakaufanya sherehe. Ukweli huu ulikuwa na wenyewe wawili, na mmoja wao sikuwahi hata kumfikiria.

Kemondo, dereva aliposimama kujaza mafuta na kelele zikapungua, niliinuka nikauliza, "Yule beki wa Ngara aliitwa nani?"

Walitazamana. Wanajua dakika ya bao, wanajua upande wa mwamba, wanajua hata kwamba kamba ya kiatu cha Twaha ilikuwa imefunguka. Mzee Sefu alikuna kichwa. Mama Anatoli aliinama kwenye kiti changu, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya chini.

"Baba, sisi tulimwita Muuaji tu," alisema. "Jina lake hatukuuliza."